Ndiyo Ipi?

Siku tulipomzika Alute, kijana mmoja aliyefunga tai alishika kipaza sauti akasoma salamu za mbunge wetu wa sasa. Mbunge mwenyewe hakuja. Alikuwa na shughuli nyingi, na salamu zake zilifika kwa simu. Zilisema kwamba jimbo limempoteza mzee Alute, mpiga debe hodari wa zama za Ujamaa.

Mpiga debe! Nilimtazama Luciana, mjane wa marehemu, aliyekaa mkekani kati ya wanawake wenzake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Nilipotazama vizuri nikaona anacheka, ameziba kinywa kwa ncha ya kanga, na machozi yanamtoka hivyo hivyo.

Ndiyo maana naandika. Mimi kusoma nilijifunzia kwenye magazeti yaliyofungiwa chumvi dukani, lakini nilikuwa jirani wa Alute tangu tukiwa vijana, na najua tofauti ya debe na mbiu. Mpiga debe hulipwa aseme gari linaondoka wakati haliondoki. Mpiga mbiu alibeba neno la watu kama lilivyo, na siku aliyobeba uongo ilikuwa siku yake ya mwisho kusikilizwa.

Kazi hiyo ya mbiu Alute aliirithi kwa mjomba wake, pamoja na pembe la tandala lenye ufa uliozibwa kwa nta. Wakati ule tulikaa upande wa Mungaa, kila mtu kwenye boma lake, na kati ya boma na boma kulikuwa na mashamba ya uwele na yale mawe makubwa ya kwetu. Nyumba zetu zilikuwa za tembe. Paa la tembe ni la udongo, bapa kama uwanja. Wanawake huanika nafaka juu yake. Alute alipanda juu ya paa lake, akauweka mguu mmoja ukingoni, akapiga pembe mpaka mbwa wa mabonde mawili wakaitika. Kisha alishuka, akaenda boma kwa boma kueleza alichoitia.

Kila alipolisikia pembe lile Luciana alisema, "Haya, mume wangu ameenda kwa bi mdogo."

Walikuwa na watoto watatu waliokua na mmoja ambaye hakukua. Huyo ni Damari. Aliondoka kwa surua alipokuwa ndio kwanza anaanza kutamka majina ya mbuzi. Walimzika pembeni mwa zizi, na Luciana akapanda mti wa mnyaa hapo upande wa kichwa. Asubuhi akienda kuwafungulia mbuzi alisimama hapo kidogo, akang'oa jani moja au mawili ya magugu, akaendelea na kazi. Sikumwona akilia. Nilimwona akisimama tu.

Sasa nimtaje Gasto. Gasto alitiwa jandoni pamoja na Alute, na kwa hiyo hawakuitana majina tena maisha yao yote, waliitana "rika". Gasto alisoma misheni, akawa mwalimu, akaacha chaki akaingia kwenye siasa. Tulimchagua kuwa mbunge kwa alama ya nyumba. Kila mgombea wakati ule alipewa alama, jembe au nyumba, ili asiyejua kusoma naye aweze kuchagua.

Niseme ukweli, Gasto alikuwa mbunge kweli kweli. Kila kikao cha Bunge kilipokwisha alipanda treni kutoka Dar es Salaam mpaka Manyoni, akadandia lori, akafika kwetu kwa baiskeli akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alute alipanda paani akapiga pembe. Tukakusanyika kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, na Gasto akasimama akatueleza, jambo moja baada ya jingine, alivyopiga kura. "Hili nilisema ndiyo, kwa sababu hii. Hili nilisema siyo, kwa sababu hii." Hakusema "serikali imefanya" wala "Bunge limeamua". Alisema "mimi". Aliyemchukia alimchukia kwa jambo analolijua, na aliyempenda hali kadhalika.

Alisema kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya uongozi, na Alute alisimama kando yake akigeuza kila neno kuwa Kinyaturu kwa ajili ya wazee na akina mama. Kiswahili cha Alute kilikuwa cha mnadani, cha kuulizia bei ya dume. Maneno ya Bunge yalimpa taabu. Siku moja Gasto alisema, "Hoja hiyo ilipita." Alute alifikiri kidogo, kisha akawaambia wazee kwamba jambo lile lilipita mbele ya wabunge na wote wakaliona.

"Likaenda wapi?" bibi mmoja akauliza.

Alute akamgeukia Gasto. "Mheshimiwa, wanauliza lilielekea wapi."

Siku nyingine Gasto alisema muswada ulisomwa mara ya pili. Akina mama wakasikitika. "Kumbe wabunge nao wagumu kusikia? Mara ya kwanza hawakuelewa?" Gasto alicheka mpaka akashika magoti. Alikuwa akipenda kuja kwetu kwa sababu hiyo, nadhani. Huko alikotoka hakuna aliyemuuliza jambo lilielekea wapi.

Ni yeye aliyetufundisha kura ya Bunge inavyopigwa. Spika husema, wanaoafiki waseme ndiyo, nao husema kwa pamoja. Kisha husema, wasioafiki waseme siyo, na hao nao husema. Spika husikiliza sauti ipi ni kubwa, akatangaza nani ameshinda.

"Kumbe ni mnada!" akapiga kelele Manase, mchuna ngozi wetu, mtu ambaye hakuwahi kukaa mkutano mzima bila kusema. "Na yupo anayeandika nani kasema nini?"

"Kura ya sauti haiandikwi kwa majina," Gasto alisema. "Mimi mwenyewe ndiye nitakayewaambia."

Neno hilo lilitutosha. Leo nasikia kuna mitambo, na kila kitu kimeandikwa, na hakuna anayejua kitu.

Halafu ukaja ule muswada wa makazi. Jina lake refu limenitoka. Sisi tuliuita wa kuhama. Habari zilitutangulia kwamba watu wote wataondoka kwenye maboma yao wakakae pamoja barabarani, nyumba mstari mmoja mmoja, ili wapate shule, zahanati na bomba. Wapo waliofurahi. Shule ni kitu kizuri, wala sitasema hapa kwamba ilikuwa mbaya. Lakini kila boma lilikuwa na wafu wake, na wafu hawana mguu wa kuhama.

Kabla ya kwenda kwenye kikao hicho Gasto alipita kwa Alute kuaga. Nilikuwapo, nilikwenda kuazima shoka. Luciana alikuwa anapepeta uwele mlangoni. Hakuacha kupepeta.

"Shemeji," alimwambia Gasto, "huyu mtoto wangu wa zizini naye atapewa kiwanja barabarani?"

Gasto alitazama ule mnyaa. Alikuwa amembeba Damari mabegani alipokuwa hai; mtoto alikuwa akimvuta masikio.

"Nitasema siyo, shemeji."

"Usiniahidi. Sema utakavyosema, halafu rudi uniambie."

"Nakuahidi. Nitasema siyo kwa sauti ambayo hata mbuzi wako watageuza masikio."

Alute akacheka. "Basi rika, wakigeuza nitajua."

Luciana hakucheka, ila alisimamisha ungo. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha asali, akakitia mwenyewe kwenye mfuko wa Gasto. "Ya koo," alisema. "Ili isikukwame."

Redio ya dukani ndiyo iliyotuletea habari kwamba muswada umepita. Hapo tulikuwa tumekwisha elewa maana ya kupita. Lakini Luciana kila alipoulizwa alijibu neno moja tu: "Mwacheni aje aseme." Kwake shauri la kuhama lilikuwa kubwa, lakini alilojua kwamba liko mikononi mwa mtu mmoja lilikuwa ni lile la sauti. Serikali ni ya wengi na huwezi kuidai. Gasto alikuwa amemtazama usoni. Kama alisema siyo, basi hata wakihama, mtoto wake alisemewa na mtu mbele ya wakubwa, na hicho si kitu kidogo kwa mtoto aliyeishi muda mfupi hivyo. Kama hakusema, basi hakusemewa na yeyote.

Gasto alichelewa. Alipokuja hakuja na baiskeli. Alikuja kwenye Landrova pamoja na mkuu wa wilaya, mtu mpole wa pwani aliyehamia karibuni, asiyejua neno la Kinyaturu. Alute alipanda paani akapiga pembe kama kawaida, tukajaa uwanja wa mnada.

Mkuu wa wilaya alisema vizuri juu ya shule na maji. Kisha Gasto akasimama. "Bunge letu," alisema, "sisi wabunge, tuliona kwamba..."

Nilikuwa nimesimama karibu na Alute, na niliona akisita. Kwa miaka yote ile alikuwa akitafsiri "mimi". Sasa alipewa "sisi". Alilitafsiri, lakini alilisema polepole kama mtu anayekanyaga ubao asioujua.

"Sisi ni akina nani?" Manase akauliza kwa sauti. "Uliondoka mmoja!"

Watu wakacheka. Kabla kicheko hakijaisha Luciana alisimama. Akina mama hawakuwa na desturi ya kusimama mkutanoni kwetu wakati ule. Waliuliza wakiwa wamekaa. Akauliza kwa Kinyaturu, bila kupandisha sauti, na ikawa kazi ya mume wake kumgeuzia mgeni.

"Mama huyu anauliza," Alute alianza.

"Mama huyu yupi?" Manase akadakia. "Si ndiye aliyekupikia uji asubuhi?"

"Mama huyu," Alute akasema tena, na shingo yake ilikuwa imekaza, "anamuuliza Mheshimiwa hivi: Wewe hukusema siyo?"

Gasto alitazama chini. Alisema, "Ndiyo."

Hapo ndipo palipoharibika. Wale waliokuwa wakisikia Kiswahili kwa kuokota walisikia neno moja tu, ndiyo, wakaelewa kwamba mbunge wetu alisema ndiyo kule Bungeni, na wakaanza kupiga kelele. "Ametuuza! Tulimpigia nyumba, naye amepiga nyumba zetu!" Vijana wa shule upande wa pili walifikiri vingine. Wao walidhani ameulizwa kama alisema siyo, akajibu ndiyo, nilisema. Wakapiga makofi. Mkuu wa wilaya aliposikia makofi na ndiyo pamoja, akatabasamu, naye akapiga makofi.

Lakini sisi wa huku, watu wazima, tulijua ndiyo ya tatu. Kwetu ukimuuliza mtu, "Hukwenda shambani?" akisema ndiyo, maana yake ni kama ulivyosema: hakwenda. Mtu aliyeulizwa "hukusema siyo?" akajibu ndiyo, amekubali kwamba hakusema.

Uwanja mmoja, neno moja, na kila kundi linakwenda nyumbani na mbunge wake. Wazee wakamgeukia Alute. Waliyekuwa wakimngoja si Gasto; walimngoja Alute, kwa sababu atakalolisema yeye kwa Kinyaturu ndilo litakalokuwa neno. Angeweza kuchagua. Angechagua ndiyo ya vijana wa shule, mke wake angelala kwa amani siku ile, na rafiki yake angeondoka akishangiliwa. Nani angemkamata? Kura ya sauti haiandikwi.

Alute alisubiri kelele zipungue. Kisha akamgeukia Gasto. Kwenye mikutano siku zote alimwita Mheshimiwa. Siku hiyo alisema:

"Rika. Ndiyo ipi?"

Gasto alivua kofia. Alianza kujibu kwa Kinyaturu, yeye ambaye hakuwahi kusema Kinyaturu mkutanoni, akimtazama Luciana peke yake.

"Spika alipoita ndiyo, sikuitika," alisema. "Nilinyamaza. Nikangoja zamu yangu. Alipoita siyo nilifungua kinywa. Nikaona niko peke yangu. Shemeji, ule ukumbi ulikuwa kimya, nilisikia mpaka viatu vya watu. Na kinywani kikatoka kikohozi."

Halafu Manase, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, akauliza, "Kikohozi huhesabiwa upande gani?"

Uwanja wote ulicheka. Gasto mwenyewe alitaka kucheka, uso ukamkatalia. Mkuu wa wilaya, aliyeona watu wanacheka na yeye hajui wanachekea nini, akamshika Alute mkono.

"Anasemaje Ndugu Mbunge?"

Nimeifikiria dakika ile mara nyingi. Zamani zile mambo ya kupinga mpango hayakuwa mchezo, na mbunge aliyekiri kwamba alifungua kinywa kusema siyo angeweza kuulizwa mengi. Alute hakuwahi kusema uongo maishani, sijui kama alijua namna yake. Alikuna sikio kidogo.

"Anasema alikohoa, mkuu."

"Alikohoa?"

"Ndiyo. Alipokuwa Bungeni."

Mkuu wa wilaya alifikiri jambo hilo. "Mpe pole," alisema.

"Rika," Alute alimwambia Gasto kwa Kinyaturu, "unapewa pole."

Watu walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. Mpaka leo kwetu mtu akijibu jambo nusu nusu huambiwa "unapewa pole", na vijana hawajui lilikotoka. Luciana peke yake alibaki amesimama, hajacheka. Alisema maneno machache, na hayo Alute hakuyatafsiri kwa mtu, maana hayakuhitaji.

"Mbuzi wangu hawakusikia kitu, shemeji."

Akakaa. Tangu siku hiyo aliacha kumsemesha Gasto.

Tulihama wakati wa kiangazi. Kila mtu aliezua tembe lake mwenyewe ili apate nguzo za huko mbele, na udongo wa mapaa ulimwagika ndani ya vyumba. Gasto alikuja siku ya zamu yetu, kwa miguu, hana Landrova wala mkoba. Alimsalimu Luciana, akajibiwa na kuku. Alikwenda kwa Alute akasema, "Rika, nipe mzigo." Alute akampa nguzo, naye akazibeba begani kutwa, akienda na kurudi, shati lake jeupe la Bunge limekuwa rangi ya ardhi.

Luciana alibaki nyuma zizini. Alikata tawi la ule mnyaa wa Damari ili akalipande huko aendako. Mnyaa ukikatwa hutoa maziwa, na maziwa hayo ni mabaya kwa macho. Alikuwa analia safari hii, naye alitaka kujifuta kwa mkono ule ule.

"Utomvu, shemeji!" Gasto alipiga kelele akiwa na nguzo begani. "Macho!"

Mkono ulisimama hewani. Luciana alijifuta kwa kiwiko. Hakugeuka.

Kule barabarani tulipewa viwanja kwa mstari. Nyumba mpya zilikuwa za paa la nyasi, lenye mgongo, kama nyumba za watu wengine. Hakuna aliyefikiria kwamba juu ya paa la mgongo mtu hawezi kusimama. Alute alijaribu kupiga pembe akiwa chini, sauti ikagonga ukuta wa jirani ikarudi. Baadaye kijiji kililetewa kipaza sauti, na kipaza sauti hakitaki kujua kama unachosema ni kweli. Alute alitundika pembe nyuma ya mlango. Alirudi kwenye uwele wake na kamba zake za katani, wala hakulalamika. Kulalamika ameniachia mimi.

Uchaguzi ulipokuja tena Gasto aligombea, na safari hii alama aliyopewa ilikuwa jembe. "Afadhali," Manase alisema, "maana nyumba imekwisha ezuliwa." Akashindwa. Mbunge aliyemfuata alikuwa msomi kuliko yeye. Alikuja mara moja moja, akasema "sisi" kuanzia mwanzo wa hotuba mpaka mwisho, akaondoka kabla ya maswali. Baada yake wamekuja wengine, na fulana, na kofia, na muziki kwenye magari. Sijasikia hata mmoja akiulizwa alisema nini Bungeni. Na kosa si lao peke yao. Sisi tuliokuwa tunauliza tumekwisha, na hatukumfundisha mtu kuuliza.

Gasto alirudi kulima. Alikuwa hana shamba la karibu, akamwomba Alute ruhusa ya kulima mahame, yaani pale tulipohama, ambapo boma la Alute lilikuwapo. Alute alikubali bila kumuuliza mke wake. Nilimwambia atajuta. Alisema, "Rika amepoteza sauti, hajapoteza mikono."

Mkulima yeyote wa kwetu atakuambia kwamba hakuna ardhi nono kama ya zizi la zamani. Samadi ya miaka yote iko pale. Uwele ukipandwa hapo hupita kichwa cha mtu mrefu, na suke huwa nene kama mkono wa mtoto. Mtu akilima mahame huanza na zizi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Uwele ulipokaribia kukomaa Luciana alikwenda upande ule kuchuma mlenda, na mimi na mke wangu tulikuwa nyuma yake kwenye njia. Shamba la Gasto lilikuwa limesimama vizuri, la mtu aliyerudi kwenye jembe na hakulisahau. Katikati yake palikuwa na upenyo. Luciana alisimama. Zizi lote lilikuwa halijaguswa. Gasto alikuwa amelima mpaka ukingoni pa ardhi ile nyeusi, ardhi bora kuliko zote alizopewa, akazunguka, akaendelea upande wa pili kwenye mchanga. Ndani ya duara lile majani yalikuwa yamefyekwa, na mnyaa ulikuwa umesimama peke yake, na kivuli kidogo chini yake.

Luciana aliingia mle. Sisi tulibaki njiani. Alisimama kidogo kama alivyokuwa akisimama zamani, akainama, akatafuta gugu la kung'oa. Hakupata.

Tulipofika kwake Alute alikuwa amekaa mlangoni anasokota kamba. Luciana aliweka kikapu chini, akawasha moto, akaanza kupika mlenda ule ule. Nasi tulikaa kidogo kupumzika. Chungu kilikuwa kinachemka Gasto alipotokea njiani, jembe begani, anatoka shambani kwenda kwake. Kila siku alipita hapo. Kila siku alisalimu, Alute akaitika, naye akapita.

Alisalimu. Alute akaitika. Gasto akainua mguu kupita.

"Hujala?" sauti ya Luciana ilitoka jikoni.

Gasto alisimama kama mtu aliyeitwa na marehemu. Alitazama nyuma yake aone kama kuna mwingine. Alipofungua kinywa nilidhani kitatoka kikohozi.

"Ndiyo," alisema.

Kisha Luciana akatoka nje, mwiko mkononi, moshi umemjaa machoni, akasimama mbele yake.

"Ndiyo ipi?"

Na ndipo akaanza kucheka, kicheko kile kile nilichokiona juzi msibani, mabega yakitikisika na machozi yakimtoka. Gasto alishikilia jembe lake, kidevu kinamtetema, mzee mzima aliyewahi kuhutubia mikutano.

Alute hakuinua kichwa. Aliendelea kusokota kamba kwenye paja lake.

"Anasema hajala," alimtafsiria mke wake.